Sura ya Sita: Mshale wa Kijani

Rachael, jirani yake Owiti, anasema aliona shetani akipanda boti. Hivyo ndivyo alivyoanza kumsimulia kila aliyefika kununua chai kwenye kibanda chake pale bichi ya Luanda Kotieno, gati la wavuvi kando ya ziwa, na hivyo ndivyo alivyowasimulia polisi. Alikuwa ameamka kukanda unga wa mandazi. Giza lilikuwa linaanza kuvunjika, lakini mtu bado hungemjua kwa uso mpaka aongee. Mara akamwona Owiti, mshika injini, anashuka kutoka kwake, na macho yake mawili yanawaka kijani.

"Kijani, madam! Kama paka ukimmulika na tochi. Na hakuna mtu alikuwa anamulika."

Owiti akapita bila salamu. Akajikwaa kwenye kamba ya boti, kamba ile ile amekuwa akiiruka tangu hajaota ndevu, akapiga magoti majini. Calvince, shemeji yake, akacheka mpaka akashika mbavu, akamwinua, wakaondoka. Kilichofuata Rachael hakukiona, alikisikia: mbao zikigonga chuma, injini ikinyamaza, na Owiti akipiga nduru akiita jina la Calvince. Boti ilikuwa imevamia kizimba cha kufugia samaki ziwani, na Calvince aliyekuwa amesimama mbele alirushwa, kichwa kikakutana na vyuma.

"Amelewa huyo," Rachael alimalizia. "Na kwa hiyo miwani yake ya mradi, ile ya kuonyesha njia, alikuwa anaangalia sinema. Andika."

Sajini Maximilla Nabututu aliandika, shetani na sinema pamoja. Kisha akamwendea Owiti, ambaye alikuwa amekaa kando ya maiti, kifua wazi, kwa maana shati lake alikuwa amelifunga kwenye kichwa cha shemeji yake azuie damu, na damu haikuzuilika. Akampekua. Mfukoni akatoa kichupa cha plastiki kisicho na lebo, akakifungua, akakinusa. Pombe. Akawanusisha wawili watatu waliokuwa karibu, nao wakasema ni pombe. Akamtia pingu hapo hapo, akampitisha katikati ya umati. Njiani wakapishana na mama mmoja aliyekuwa ameitwa mbio kutoka shambani, matope bado miguuni. Yule mama alivuta leso akajifunika uso, akageuka. Nabututu aliandika na hilo pia: mama wa marehemu alimgeuzia mshukiwa mgongo.

Mama huyo ni Dorca. Calvince ni mwanawe, na Owiti amemwoa binti yake, Caren.

Sasa ilikuwa Alhamisi na mazishi ni Jumamosi. Owiti alikuwa seli mjini Kisumu akingoja kupelekwa kortini. Katika faili ilibaki taarifa moja tu, ya fundi aliyeitengeneza ile miwani.

"Hiyo ni ya kujaza tu," mkubwa wa Nabututu alimwambia. "Mlevi ni mlevi. Usikae huko siku nzima."

Fundi mwenyewe, Mathews Wakhungu, alikuwa kijana mwembamba aliyepanga nyumba mtaa wa Migosi, hapo hapo Kisumu, na kugeuza sebule kuwa karakana. Kochi lilikuwa limesimamishwa ukutani kwa upande, na mahali pake palikuwa na meza ndefu yenye vioo, waya na gundi. Alimpangusia mgeni stuli kwa mkono wa shati.

"Karibu, afande. Pole kwa hii joto. Pia mimi nilisikia, na kusema kweli sijalala vizuri."

Nabututu hakukaa. Alikuwa ameona kitu mezani: kichupa cha plastiki kisicho na lebo, kifuniko chekundu.

"Hii ni nini?"

"Spiriti. Ya kupangusia vioo."

"Na wavuvi?"

"Kila mtu nilimpa yake. Mafuta ya samaki yakigusa kioo, mshale unakuwa ukungu mtupu. Inabidi mtu apanguse kabla hajavaa."

Nabututu akafungua mkoba wake, akatoa mfuko wa ushahidi wenye kichupa cha Owiti, akauweka kando ya kile kichupa cha mezani. Kifuniko chekundu na kifuniko chekundu. Hakuwa amekipeleka kupimwa. Pua yake ilikuwa imetosha.

"Afande, kuna shida?" Mathews aliuliza.

"Endelea kunieleza kazi yako," alijibu, na sasa ndipo akakaa.

Akamtolea miwani yenyewe kutoka kwenye mfuko wa pili. Ilikuwa imekwaruzika, na mahali pa mikono yake palikuwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli wa kufunga nyuma ya kichwa. Mathews aliipokea kwa mikono miwili.

"Hiki kioo ni cha nusu kwa nusu," alisema. "Sehemu ya mwanga kinapitisha, sehemu kinarudisha. Kuna kitaa hapa juu kinachora mshale, kioo kinaurudisha kwa jicho. Kwa hivyo unaona ziwa, na juu ya ziwa unaona mshale. Vizimba vyote vya samaki viko kwa ramani ndani ya simu. Wewe fuata mshale tu, utapita katikati yao bila kugusa hata kimoja."

"Na kizimba kikikatika nanga usiku, kielee mpaka njiani?"

Mathews aliinamisha macho. "Hicho hakiko kwa ramani."

"Kile kilikatika."

"Nilisikia."

"Basi mshale ulimwambia Owiti njia ni wazi. Hilo nakubali, hakuna wa kulaumiwa. Lakini alikuwa na mtu mbele."

Katika bichi ile, tangu zamani, boti huendeshwa na watu wawili. Mmoja husimama mbele kabisa akiangalia maji, akiinua mkono wa kulia au wa kushoto. Akiinua yote miwili, injini izimwe mara moja. Mwenye injini haangalii maji. Anaangalia mikono ya mwenzake. Owiti alikuwa amesema katika taarifa yake kwamba hakuona mkono wowote, na Nabututu alikuwa amelichukua hilo kuwa uongo wa mlevi, kwa sababu kutoka injini hadi mbele ya boti hata mtoto angerusha jiwe likafika.

"Huu mpira mbona umekazwa hivi?" aliuliza.

"Ukitaka picha kubwa na ya kutulia, kioo kinakuwa kinene na kizito, pua inauma, hakuna mvuvi atavaa. Nikachagua nyepesi. Sasa hii nyepesi ina mambo yake. Jicho lazima likae pale pale. Miwani ikiteleza kidogo, mshale umepotea. Ndio wanakaza."

"Kwa hivyo hawezi kuchungulia chini yake haraka."

"Haraka, hapana."

"Na mshale umeuweka katikati, pale pale mtu anapotazama. Kwa nini usiuweke pembeni?"

"Pembeni picha inapinda. Kioo cha kuinyoosha sikukipata kwa uwezo wangu."

Kila alichoulizwa alikuwa na jibu, na majibu yake yalikuwa ya kweli. Nabututu aligeuza kurasa za faili mpaka kwenye maneno ya Rachael, yale aliyoyaandika akicheka moyoni.

"Mtu akisimama mbele ya aliyevaa, anaona taa?"

"Kidogo sana. Ule mwanga ambao kioo hakirudishi kwa jicho unatoka nje. Lakini alfajiri huwezi kuuona, kwa sababu taa inajipunguza yenyewe. Kuna kijicho hapa ndani cha kupima mwanga wa nje. Kukiwa na giza kinapunguza, kukiwa na jua kinaongeza."

"Kuna mama aliuona akiwa kibandani kwake. Anasema kijani kama paka."

"Ah, afande. Wamama wa chai na chumvi yao."

Nabututu alichukua miwani, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo, upande wa nje. Ukucha ukakwama. Akaigeuza dirishani, akaona kapovu kadogo ka hewa, kama yale yanayobaki kwenye dirisha la gari likibandikwa na fundi mwenye haraka.

"Hii ni nini?"

Mathews alianza kupanga waya mezani.

"Nakuuliza, ndugu yangu."

"Tinti."

"Ya gari?"

"Ya gari."

Jirani mmoja nje alikuwa akifua na kuimba kwaya.

"Tufuatane pole pole," Nabututu alisema. "Tinti inapunguza mwanga unaoingia. Inapunguza pia unaotoka, si ndio? Sasa kama ile taa ilipita kwenye tinti na bado mama akaiona kutoka kibandani, basi asubuhi ile haikuwa imejipunguza. Ilikuwa inawaka yote."

Kijana akavuta kopo la rangi, akalikalia.

"Kijicho kiko nyuma ya tinti," alisema. "Nilipobandika, kikaanza kudhani mchana ni jioni. Kikawa kinapunguza mshale jua likiwa kali. Nikakizima."

"Ukaiacha taa iwake ya saa sita mchana, kutwa kucha."

"Ndio."

Nabututu alivuta pazia mpaka sebule ikawa na mwanga wa kijivu. Akavaa miwani ya Owiti, akaikaza kwa ule mpira, akamwambia Mathews aiwashe kisha aende asimame mlangoni. Mshale ulijitokeza katikati ya kila kitu, wa kijani, mkali, hata jicho likataka kukimbia na halina pa kukimbilia. Nyuma ya mshale palikuwa na weusi, na ndani ya weusi palikuwa na kitu ambacho huenda kilikuwa mlango.

"Sasa wakati wowote unaotaka," alisema, "inua mikono yote miwili. Nikiona nitakuambia."

Alingoja. Alikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Jirani alimaliza ubeti mmoja akaanza mwingine.

"Mbona huinui?"

"Nimeinua, afande," Mathews alijibu kutoka kwenye weusi. "Nimeinua tangu uwashe."

Nabututu alivua miwani. Kijana alikuwa amesimama pale mlangoni, hatua chache tu, mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Hakuishusha mpaka alipoambiwa.

"Nani alikutuma ubandike?"

"Hakuna." Sauti ilikuwa imeshuka. "Siku ya kuwaonyesha watu, tulienda bichi mchana. Wafadhili wako pale, mwenyekiti wa bichi yuko, wavuvi wote. Mwenyekiti akavaa, akageuka huku, akageuka huku, akasema, 'Mimi naona ziwa tu. Na hili ziwa nimeliona bure tangu nizaliwe.' Watu wakacheka, afande. Wengine walilala chini. Kitaa hakiwezi kushindana na jua la ziwa. Ama uongeze taa, betri iishe kabla hujafika popote na paji la uso lichomeke, ama upunguze jua. Nikapunguza jua. Mara ya pili wakaona mshale, wakapiga makofi."

"Na ulijua alfajiri hawataona mbele."

"Nilijua."

"Ungewaambia wasivae asubuhi."

"Ningeanzia wapi? Mara ya kwanza wamecheka ati haifai mchana. Nirudi niwaambie sasa haifai asubuhi? Ingebaki ya nini?"

Nabututu aliandika, akamsomea, Mathews akatia sahihi bila kusoma. Alipokuwa akitoka, kijana alimfuata hadi ngazini kama anayetaka kusema jambo, halafu akamsalimia tu yule mama wa kufua, akarudi ndani.

Seli ilikuwa na joto na Owiti alikuwa amevaa fulana ya mtu mwingine, imembana mabegani. Alisimama mara alipomwona, kwa heshima, jambo ambalo lilimfanya Nabututu aangalie pembeni.

"Kile kichupa ni cha kupangusia miwani," alimwambia. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuambia ndani ya gari. Ulisema ninyamaze."

"Na miwani kukuzuia kuona? Hilo pia ulisema nikakunyamazisha?"

"Hilo sikusema." Owiti alijikuna shingo. "Nilidhani ni macho yangu, madam. Watu wa mradi wanakuletea kitu, wenzako wote wanasema ni poa kabisa, wewe peke yako ndio unajikwaa kwa kamba. Utasema nini? Useme wewe ni mshamba? Wenzangu wenyewe, saa hii ndio najiuliza kama walikuwa wanaona."

"Hukumwambia mtu yeyote?"

"Calvince. Miwani ilipokuja, mwenyekiti alisema hakuna haja ya mtu wa mbele tena, kila boti ibaki na mtu mmoja. Nikamwambia Calvince, mimi sioni vizuri. Akacheka, unajua alikuwa mtu wa kucheka. Akasema, 'Basi nitaendelea kusimama mbele, na hakuna mtu tutamwambia. Tutasema nimekuja kupunga upepo.'" Alivuta ile fulana mabegani. "Madam, kuna kitu nataka urekebishe kwa hiyo karatasi yako. Uliandika mama alinigeuzia mgongo."

"Niliandika nilichoona."

"Nilikuwa kifua wazi. Yule ni mama mkwe."

Nabututu alikuwa Mbukusu wa Bungoma. Kwao mkwe hupishwa njia, hata chakula hakiliwi mbele yake, sembuse kusimama kifua wazi. Hakuhitaji kuelezwa. Siku ile kwenye gari kulikuwa na koti la mvua, lilikuwa limekunjwa kwenye kiti cha nyuma, na hakulitoa.

Alimpigia mkubwa wake akiwa bado kwenye korido, kuomba Owiti aachiliwe akazike. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo kawaida yake, kisha akahema.

"Hiyo ya tinti ni nzuri. Kortini itamtoa. Lakini ya Jumamosi ni kitu kingine, Nabututu. Bichi nzima inajua alikuwa amelewa, na wamejua kutoka kwetu. Nikimwachilia aende kwa hayo mazishi na mwenye maiti hamtaki, watamuulia hapo kwa kaburi. Mama wa marehemu akisema aje, nitamtoa kesho asubuhi. Asiposema, akae."

Alifika nyumbani kwa Dorca jua likiwa limeinama. Hema lilikuwa limeshasimamishwa, wanawake walikuwa wakichambua mboga, na Rachael wa chai alikuwa kati yao akieleza jambo kwa mikono. Dorca alikuja mwenyewe, mama mrefu mwenye sauti ya chini, akamwongoza nyuma ya nyumba mahali ambapo uwanja uliteremka moja kwa moja hadi majini. Boti ilikuwa imevutwa pale mchangani, ubao wa mbele umepasuka.

"Sema, nyathina," Dorca alimwambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, kama anavyomwita mtoto wake mwenyewe.

Nabututu alisema. Alieleza kichupa, kioo, tinti, taa, na jinsi alivyoivaa yeye mwenyewe Migosi na asione mikono ya mtu aliyesimama mlangoni. Alisema Owiti hakuwa amelewa. Akasema pia lile lililokuwa gumu kuliko yote.

"Na nilimpitisha mbele yako kifua wazi, mama. Nilijua ni nini, na bado nilimpitisha. Hilo si kosa lake. Ni langu."

"Hilo halina korti," Dorca alijibu. Hakusema kwa ukali. "Mwanangu mbona alikuwa mbele? Si walisema miwani imeondoa mtu wa mbele?"

"Alikuwa anamsaidia shemeji yake."

Mama alitikisa kichwa pole pole, muda mrefu. Upande wa hema mtu alianza kucheka akanyamazishwa.

"Umeniambia kioo, umeniambia taa," alisema mwishowe. "Nimesikia, lakini kuelewa sijaelewa, na sitaki kukudanganya. Wiki hii kila mtu ananiambia kitu. Rachael ameniambia shetani. Wewe uliniambia pombe, sasa unaniambia tinti. Mimi ndio nitasimama mbele ya watu Jumamosi niseme mume wa Caren aje au asije. Nitasema kwa mdomo wa nani?" Akauelekeza uso kwenye mkoba. "Hiyo miwani uko nayo?"

"Niko nayo, mama. Ni ushahidi."

"Mwanga wa sasa hivi si uko kama ule wa asubuhi?"

Nabututu aliangalia ziwa. Magharibi bado kulikuwa na wekundu uliolala juu ya maji. Asubuhi ile kulikuwa na mawingu na giza zaidi, alikuwa ameandika hivyo.

"Unakaribia," alisema. "Haulingani."

"Utanitosha. Nipe nivae. Wewe teremka usimame ndani ya boti, pale mbele, pale pale mtoto wangu alisimama. Inua mikono vile aliinua. Nisipokuona, mume wa Caren atakuja azike shemeji yake, na nitawaambia watu mimi mwenyewe, na Rachael akiwa hapo. Nikikuona..."

Hakumalizia. Alinyoosha kiganja, kikubwa, kikavu, akakiacha hewani kati yao.

Wanawake walikuwa wameacha mboga na kusogea hadi pembe ya nyumba. Nabututu alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Kule chini wekundu ulikuwa ukitoka majini kidogo kidogo, na boti ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

"Nyathina," Dorca alisema, kiganja bado kimenyooshwa. "Nimekuomba."